Paka wa Mama na Magunia ya Mbaazi

Harufu ya mkojo wa paka dume haina adabu. Unaisafisha jioni, asubuhi inakukaribisha sebuleni kama mwenye nyumba. Mimi nina hasira za karibu, sifichi, na mwaka ule nilizimalizia karibu zote kwa paka mmoja wa kijivu.

Alikuja na mama yangu. Baba alipofariki, nilimwomba mama ashuke kutoka Mbulu aje kukaa nasi hapa Babati, nyumbani kwetu Nakwa. Nilimbembeleza miezi mingi. Mwishowe akaja na begi moja, na paka ndani ya kikapu.

Begi lile hakuwahi kulitoa vitu. Asubuhi alichomoa kitenge, jioni akakikunja na kukirudisha, kisha akalisukuma begi chini ya kitanda. Nilimwachia rafu mbili nzima kabatini.

"Ziache tu, mwanangu," alisema. "Hapa ni kwa mkwe."

Kwa watu wa umri wake, mama kuhamia kwa mume wa binti yake ni jambo la kuona haya. Nilisema yote niliyoweza kusema, haya ile haikumtoka.

Kwa hiyo paka alipoanza kunyunyiza mkojo sebuleni, moyo wangu haukutulia. Alianza baada ya mavuno ya mbaazi. Anasimama, anaugeuzia ukuta makalio, mkia unatetemeka kidogo, kazi imekwisha. Ukuta, pazia, kochi la mume wangu. Nilipiga deki kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu, kwa dawa ya choo iliyotutoa machozi sote. Paka aliikagua kazi yangu, akaongeza ya kwake.

Mume wangu ni mpole, ila kochi lile analipenda. Kumwambia mama mkwe habari za mkojo hawezi hata kwa fimbo. Wakikutana ni "Shikamoo mama," "Marahaba baba," macho chini, basi. Akanivuta jikoni na kuninong'oneza, "Mama watoto, huyu paka apelekwe Sigino, shambani. Huko kuna panya wa kumtosha."

Mume wangu anaimba besi kwaya ya kanisani. Akinong'ona, vikombe vinatetemeka. Mama alikuwa chumba cha pili, akasikia kila neno.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta amevaa viatu vya safari. Kikapu kilikuwa wazi sakafuni kikimsubiri paka, na begi liko karibu na mlango wa sebule, juu ya magunia ya mbaazi.

"Narudi nyumbani na paka wangu," alisema. "Sitaki mkwe wangu ateseke kwa kunionea aibu."

Nilifoka. Nilimuuliza anarudi kwa nani, kwenye nyumba tupu? Kisha nikalia, mtu mzima mimi, kwa sababu nilijua akipanda basi la Mbulu hatarudi tena kwetu.

"Basi kunywa chai kwanza," nilimwambia, nikatoka nje kumpigia simu daktari wa mifugo. Bahati nzuri alikuwa hapo karibu, Singe, kwenye ng'ombe wa watu. Alifika na pikipiki, buti zimejaa matope, akacheka aliposikia mgonjwa ni paka.

"Madume ya ng'ombe nimehasi mengi mno," alisema. "Kwa paka, huyu atakuwa wa pili." Halafu akanusa hewa, akayatazama yale magunia. "Haya mmeyatoa wapi?"

Nilimweleza. Wakati wa mavuno huku tunaazimana magunia, leo yako kwangu, kesho kwako. Yale niliyaazima kwa jirani, nikayajaza mbaazi na kuyapanga sebuleni kwa kuwa stoo ilikuwa inavuja.

"Jirani ana paka dume?"

Anaye. Jitu lenye sikio lililochanika.

"Mama, mgeni umemwingiza mwenyewe," daktari aliniambia. "Kila gunia lina alama ya mkojo wa yule dume. Huyu wako anajibu tu."

Kama vile alisubiri kutajwa, paka alipanda juu ya magunia, akaligeuzia begi la mama makalio, mkia ukatetemeka.

"Weee!" Mama, aliyemtetea paka yule siku zote, alivua kiatu cha safari na kumrushia. Hakumpata.

Daktari alimchoma paka sindano ya usingizi, akafanya kazi yake. Mbaazi tulizihamishia kwenye magunia mapya. Nami nikaumwaga mzigo wote wa mama kwenye beseni, vitenge, sweta, blanketi, na chini kabisa koti la baba. Kamba ilijaa. Mume wangu alirudi jioni akaviona vyote vinapepea uani, akasema, "Shikamoo mama," akaanza kunisaidia kuanua. Kisha nguo nilizikunja na kuzipanga kabatini, rafu mbili zikajaa. Basi la Mbulu lilikuwa limeshaondoka kitambo.

Paka alichukua wiki kadhaa kuacha tabia yake. Sasa analala kwenye kochi la mume wangu, na mume wangu anakaa pembeni.

Juzi mama aliniuliza, "Lile begi langu bado linanuka?"

"Linanuka sana, mama," nilimjibu. Lilikuwa limening'inia stoo, likinukia sabuni.

"Basi liache huko huko," alisema, akaenda kabatini kuchukua kitenge.