Mwaka Niliovaa Sare kwa Niaba ya Mama

Shule ya mdogo wangu wa kike, hapa Kawajense, hufunga mwaka kwa desturi yake. Kabla ya Krismasi wazazi huvaa sare na kukaa kwenye madawati, watoto wakashika chaki na kuwa walimu wao. Mzazi akichelewa anafagia uwanja. Nimeona babu mmoja dereva wa bodaboda, amevaa kaptula ya bluu, akikaguliwa kucha na mjukuu wake.

Mwaka ule sikuwa na hamu ya kucheka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mwaka mzima nilikuwa nimesaini madaftari ya mdogo wangu kwa jina la mama. Mama alikuwa ameshafariki, baba alimtangulia. Baba mdogo anayeishi Sibwesa alikuwa amesema shule ikilalamika mara moja tu kwamba nyumbani hakuna mtu mzima, atawachukua wadogo zangu wote watatu. Kwa hiyo shuleni nikamfanya mama awe hai.

Nilifikiria kutokwenda. Lakini mtoto ambaye mzazi wake hakuja, mwalimu wa darasa humfuata nyumbani jioni ileile na mandazi yake ya sherehe. Nikaenda, nimevaa sketi niliyokuwa nayo nilipoacha shule darasa la sita. Zipu iligoma, nikabana na pini.

Mdogo wangu ndiye aliyeita mahudhurio. Alipofika kwenye jina lake mwenyewe alinitazama.

"Mzazi wangu."

Nikasimama. 

Mama mmoja nyuma akauliza kama huyu mzazi alizaa akiwa chekechea. Mdogo wangu akagonga meza kwa rula.

"We mama, anayeongea bila kunyoosha kidole anadeki darasa."

Walicheka wote isipokuwa mwalimu wa darasa. Akaniomba nibaki. Wenzangu walipotoka kunywa chai nilimweleza yote, hata habari ya baba mdogo. Akapekua daftari la mdogo wangu.

"Saini hii nimeiangalia mwaka mzima," akasema. "Haijakosekana hata siku moja."

Akafungua rejista, akalikata jina la mama kwa mstari mmoja, akanipa kalamu. Baba mdogo akija, alisema, ataonyeshwa hapo kwamba nyumbani kuna mtu mzima. Sikujua kama karatasi ingemzuia. Herufi ya kwanza ilitoka nje ya mstari. Nikaandika jina langu lote, na kwenye nafasi ya uhusiano: dada.