Nyumba Mia Sita Zilizokatwa kwa Mausi

Saa mbili na robo asubuhi, Jumatatu ya Juni 13, 2016, Skolastika Pastory amekaa mbele ya kompyuta katika ofisi ya mkandarasi mmoja hapa Kigoma mjini, mikono kaikunja mapajani kama muumini asiye na sadaka. Kwenye kioo zimejipanga nyumba mia sita za wakimbizi, safi kabisa, hazina moshi wala mtoto anayelia.

Nyuma yake kasimama bosi wake, Mhandisi Rodgers, aliyehamishiwa huku kutoka Dodoma.

"Skola, toa hiyo milango ya nyuma."

"Sitoi, Mhandisi."

"Hiyo ni amri."

"Nimeisikia. Mausi hiyo hapo, toa mwenyewe."

Mhandisi anaitazama mausi kama mtu aliyeonyeshwa nyoka.

Skolastika, mwenye miaka 34, mzaliwa wa Kalinzi, ni mchoraji wa majengo. Kazi yake ukisimuliwa haraka utadhani uchawi: anachora nyumba moja, anaikopi, anaipesti mara mia sita, na kabla chai haijapoa kambi imejaa. Tena nyumba hizo ni pacha wa kitovu kimoja. Ukigusa moja, zote zimeguswa.

Tabu ilianza mwaka jana, Warundi walipomiminika kwa njia ya ziwa na mahema yakafurika. Ofisini likaja agizo: kila nyumba igawanywe mara mbili. Kwenye kompyuta huo ni mstari mmoja na bonyezo moja. Nyumba mia sita zikawa elfu moja na mia mbili, ripoti ikapanda juu, wakubwa wakapigiana makofi.

"Hata mimi nilijisifu," anasema Skolastika. "Nilisahau kwamba mbuzi ukimkata katikati hupati mbuzi wawili."

Maana kila nyumba ilikuwa na mlango mmoja tu, wa mbele. Nusu ya mbele ikabaki nao. Nusu ya nyuma ikapata turubai pande zote, na hakuna aliyeona, kwa kuwa waliokagua walikagua michoro kutoka juu, kama kunguru.

Aliyeona ni Rozalia, bibi Mrundi wa miaka 61, anayelala na wajukuu wanne katika chumba cha nyuma, mita tatu kwa tatu na nusu. Ili atoke nje, ilimpasa apite kando ya kitanda cha jirani yake Anatoli na mkewe, usiku na mchana, aibu kaiweka mfukoni. Anatoli na mkewe wakienda kuni hufunga kufuli, wanaogopa wezi. Bibi akichelewa kutoka, ndiyo kafungiwa.

Februari mwaka huu alifungiwa hivyo, na mjukuu akawaka homa. Bibi akachukua kisu, akapasua turubai, akambeba mtoto mgongoni hadi zahanati. Kesho yake askari wa kambi wakaja kumwandika: kaharibu mali.

Mali! Mtu kafungiwa kama kuku kwenye tenga, akijiokoa anaitwa mharibifu.

Skolastika akatumwa kwenda kupima hilo turubai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ni nani kachora nyumba hii?"

"Ni mimi."

"Mwana wanje, mwanangu, kwenu mnaingilia darini?" Bibi hakucheka. "Waliandika kwamba sisi ni umuryango. Haya, nionyeshe umuryango."

Kwa Kirundi, na kwa Kiha cha Skolastika pia, neno ni hilo hilo moja: familia ni umuryango, na mlango ni umuryango. Hakuhitaji mkalimani.

Aliporudi ofisini akafungua nyumba moja, akakopi mlango wa mbele, akaupachika nyuma. Nyumba zote mia sita zikaota mlango. Chini ya mchoro, palipoandikwa "Familia: 1,200", akaandika wingi wa neno la bibi: "Imiryango: 1,200".

"Imiryango ndiyo nini?" Mhandisi akauliza.

"Familia, Mhandisi."

Mhandisi akasaini, akagonga muhuri.

Maseremala wa kambini ni Waha na Warundi. Wakasoma karatasi: milango 1,200. Wakashika nyundo. Hadi juzi Jumamosi milango ya nyuma 412 ilikuwa imesimama, wa Rozalia ukiwa wa tisa.

Sasa Mhandisi amejua. Anasema mbao na bawaba hizo hazimo kwenye ripoti, na anataka mchoro mpya wa kuwasimamisha maseremala.

Anavuta kiti, anashika mausi mwenyewe. Anaingia ndani ya mlango wa nyuma, anaufuta mstari kwa mstari. Lakini ule ni kopi ya mlango wa mbele, nao wa mbele unafutika pamoja nao. Nyumba mia sita, hakuna hata tundu la panya.

"Sasa, Mhandisi," anasema Skolastika, "wote umewafanya Rozalia."

"Rudisha," Mhandisi anasema kwa sauti ndogo.

Skolastika anabonyeza mara moja, milango yote inarudi. Ipo namna ya kuitenganisha kopi na mwenzake ili ufute mmoja tu. Skolastika anaijua, ila hajaulizwa.

Mkataba wake unaisha Juni 30, na hategemei kupewa mwingine. Imebaki milango 188. Maseremala wanasimamisha kumi na miwili kwa siku, na siku za kazi zilizobaki ni kumi na sita. Amekwisha kuzihesabu.

"Naomba tu Mhandisi asijifunze kompyuta mwezi huu," anasema. "Baada ya hapo akisema nitoke, nitatoka. Mimi mlango ninao."