Besi Iliyopotea Sebuleni

Mume wangu haamini rangi za waya. Kwa miaka thelathini na moja amekuwa fundi wa spika, na mteja akimwambia, "Fundi, mwekundu nimeuweka kwenye nyekundu," yeye huitikia "Sawa, sawa," huku akichomoa betri ndogo mfukoni. Hufungua kitambaa cha spika, akagusisha betri kwenye ncha za waya mara moja tu, na kuangalia ile karatasi pana inayotoa sauti. Ikiruka kuja nje, waya ulioguswa na chanya ya betri ndio wa chanya. Ikirudi ndani, kuna mtu amegeuza. Mtaa mzima unamwita Betri, na mimi naitwa Mama Betri, jina ambalo sikuliomba.

Wengi huja wakilalamika kwamba muziki wao hauna besi, ule mdundo mzito, na sauti haieleweki inatoka wapi. "Spika zako nzima," huwaambia, "ila hazielewani. Hii ikisukuma, ile inavuta. Besi inafia katikati." Hugeuza waya za spika moja, na mteja huondoka akidhani ameona uchawi. Mtu huyu mwenye subira hiyo hana subira hata chembe kwa foleni, kwa viatu vya kamba wala kwa ndugu zangu. Nampenda hivyo hivyo.

Sasa, mwaka huu tulipaka rangi sebule. Siku fundi rangi alipomaliza, mume wangu alirudi kutoka kazini, akaweka muziki, akakaa. Akainuka, akahamia kiti kingine. Akaongeza sauti, akapunguza.

"Mama, unasikia besi?"

"Nasikia muziki," nilimjibu. Masikio yangu mimi ni ya kusikilizia maziwa yasifurike.

Siku ya nne aliweka kijiko chini katikati ya chakula. "Masikio yameniaga," alisema. "Fundi spika asiyesikia ni mpishi asiyeonja. Nitaharibu vitu vya watu."

Nilimsihi aende hospitali. "Nikaambiwe ninachokijua?" Akampigia simu mdogo wake, ambaye naye ni fundi, aje Jumamosi achukue vifaa vyote vya kazi. Kuanzia siku hiyo aliacha kupiga mluzi akinyoa ndevu. Mluzi wenyewe ulikuwa mbovu, nimeulalamikia tangu tuoane, lakini nyumba ilipopoa nilijikuta nalia juu ya karai la vyombo.

Ijumaa mchana nilikuwa nafuta vumbi sebuleni, nikafika nyuma ya spika ya kulia. Nikakumbuka. Ni mimi niliyezifungua waya zile ili fundi rangi apite, na ni mimi niliyezirudisha, simu begani, dada yangu akinisimulia habari za jirani yake. Waya zenyewe ni pacha, zinafanana kama matone ya maji. Mmoja tu una mstari mwembamba, na mstari huo ulikuwa umerukiwa na rangi ya ukuta. Siku ile sikumwambia mtu, kwa sababu nyumbani kwetu spika za Baba haziguswi. Naye hakuzipima, kwa sababu alizifunga kwa mikono yake mwenyewe. Kinyozi hajinyoi.

Nilitoa betri kwenye rimoti. Nikachomoa waya kule kwenye redio, nikafanya kama nilivyomwona akifanya mara elfu. Spika ya kushoto ikaruka nje. Ya kulia ikazama ndani. Nikarudia, ikazama tena.

Shetani akanishauri nigeuze waya nikae kimya, mzee arudi akute masikio yake yamepona. Ushauri ulikuwa mzuri, sikatai. Lakini mtu anayedhani masikio yake huja na kuondoka atayaamini vipi kesho? Nikakaa sakafuni nikamsubiri, roho juu.

Aliingia, akaona waya. "Nani amezigusa hizo?"

"Mimi. Tangu siku ya kupaka rangi. Baba, tazama."

Nikagusisha betri kushoto: nje. Kulia: ndani. Akapiga magoti karibu yangu. Kisha akacheka, akacheka mpaka akavua miwani, na nilipomtazama vizuri nikaona kwamba analia.

"Siku tisa," alisema. "Siku tisa nimejizika mwenyewe, mke wangu."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Umepima vizuri kuliko mdogo wangu."

Waya alizigeuza mwenyewe. Besi ikarudi hadi glasi zikatetemeka kabatini. Akampigia simu mdogo wake: "Kesho njoo ule, lakini uondoke mikono mitupu." Nikakimbilia jikoni kuficha uso, maana aibu ilikuwa bado inaniwaka.

Chakula kilipoiva alikuwa amezima muziki. Nikamwita. Kimya. Nikamwita tena, kimya. Nikawaza: kumbe ni kweli, spika zilikuwa zimegeuzwa na masikio pia yamekwenda. Nikaenda hadi mlangoni, kitambaa cha jikoni mkononi. Alikuwa kitini, amefumba macho, anatabasamu.

"Nilikusikia tangu mara ya kwanza," alisema. "Hebu niite tena."