Kiki ya laptop ya Byukusenge

Hii habari, hata mimi mwenye nilikuwa pale, siku zingine naikataa. Musome tu bila kuamini, sitakasirika. Ni habari ya ngombe, ya ukungu, na ya laptop yenye ilikataa kuamuka siku moja mbele ya kumaliza kilio. Niko naiandika kwa ile laptop yenyewe, mu nyumba ya picha ya Byukusenge hapa Kashuga, mu milima ya Masisi, na mwenyewe iko nyuma yangu anapiga koti pasi. Ananiacha niandike juu leo jua iko mingi na betri imejaa, tena juu mimi ni mujomba wake. Angekataa, ningemushitaki kwa mama yake.

Byukusenge ni mutoto wa dada yangu. Bantu banasema akili ya mashini aliitoa kwa baba yake. Hapana, aliitoa kwangu. Mimi masomo niliacha mu mwaka wa tatu, juu mwalimu aliona niko karibu kumupita, akaogopa. Lakini nilifanya kazi kwa mashini ya kusaga mahindi, na ile mashini ilikuwa ikikohoa tu, najua inaumwa wapi. Byukusenge anasema kazi yangu kule ilikuwa kubeba mifuko. Bon, mifuko ilikuwa karibu na mashini.

Kazi yake yeye ni picha. Hakuna mwanaume mu Kashuga na pembeni yake mwenye hajavaa koti yake. Iko koti moja, nyeusi, mukono moja iliungua kidogo na pasi, pamoja na tai yenye inakaa imefungwa tayari, unaiingiza kichwa kama kamba ya ngombe. Mwalimu alipigwa picha ndani yake, shemasi alipigwa ndani yake, bwana harusi bote. Ukiangalia picha kwa kuta za nyumba zetu, utafikiri sisi bote tunafanya kazi mu ofisi moja. Nyuma ya muteja kunakuwa pazia yenye alichora yeye mwenyewe: ndege ya abiria juu ya ziwa, na ile ndege iko na madirisha mingi kupita bantu ba Masisi. Na hasemi kwa muntu acheke. Anamuangalia kwanza, kiisha anamuuliza polepole: "Papa, hii sura ni yako, ao uliiazima?" Muntu anacheka, na picha imetoka.

Mumoja tu alikataa koti: Papa Gustave. Yeye alifika na ngombe yake mpaka kwa mulango, akasema ni yeye na ngombe ao basi. Byukusenge akatoa pazia inje, akaifunga kwa miti mbili ya lupango, ile uzio ya nyumba, akabapiga bote wawili mbele ya ndege. Ile njo picha moja Papa Gustave alipigwa mu maisha yake yote. Kiisha ugonjwa ukamubeba. Karatasi ya picha ilibaki mu nyumba siku jamaa yake ilikimbia vita, na nyumba yenyewe haikubaki. Picha ikawa inakaa fasi moja tu, mu laptop.

Na laptop ilikuwa mugonjwa. Kila muteja analeta flashi yake, kila flashi inaleta virisi yake, kama vile mugeni analeta viroboto. Unafungua fasi ya picha za harusi, unapata majina tu, picha zimejificha. Byukusenge akachoka. Fundi mumoja, Athanase, alikuwa anapita kuelekea Goma, akamuachia flashi yenye sisteme ingine, ya bure, yenye virisi za kwetu haziiwezi.

Alifanya kazi muzuri, nitasema kweli. Picha zote aliziweka kwanza kwa upande wake mu diske, zile zilijificha akazitafuta moja moja, halafu sisteme mupya akaiweka kwa upande ingine. Mimi nilikuwa pale, nasimamia kazi, na maharagi yake mu sahani. Jua ilikuwa inaanguka, betri inalia, akawa anafinya "ndiyo, ndiyo" haraka haraka mpaka mwisho. Laptop ikazimika, ikawaka tena, sisteme mupya ikafunguka kama maua. Picha zote zilikuwa pale, na yangu na koti.

Kwetu flashi haikai bure. Ikimaliza kazi ya ofisi inaingia mu radio. Nikamwambia ile flashi sasa haiko na kazi, anitilie nyimbo. Akanitilia za kwaya, akanipa. Kidogo na betri ikakufa, laptop ikazimika, tukalala.

Asubui yake Mama Pétronille, mujane wa Papa Gustave, akafika na miguu kutoka Kalembe, matope mpaka kwa magoti. Kesho yake jamaa ilikuwa inamaliza kilio, ile siku ya kuondoa matanga yenye ilichelewa miaka juu ya kukimbia, na alitaka ile picha, kubwa, ya kusimamisha mbele ya bantu. Byukusenge akamwambia akae, itatoka mbele chai ipoe.

Betri ilikuwa imekunywa jua ya asubui. Akafinya laptop. Kioo ikabaki nyeusi, na mustari moja tu ya Kiingereza, yenye kusema haioni kintu cha kuanzia. Akafinya tena, ni vilevile. Hakorimana, mwenye moto yake, ile pikipiki ya kubeba bantu, inasimamaka pale mbele, akashauri batoe betri, baitikise. Mimi nikashauri kuipiga kofi mugongoni, juu radio yangu inaponaka vile. Byukusenge akatuangalia sisi wawili kama vile anaangalia muteja mwenye kufumba macho mu picha.

Mama Pétronille alisikia laptop imekataa. Hakulia. Akashika kikombe na mikono mbili, akasema: "Huyu wangu wa mwisho anauliza baba yake alikuwa namna gani. Mi namwambia alikuwa murefu. Ananiuliza, murefu kama nani? Sina wa kumuonyesha."

Mimi naongeaka sana, munanijua. Pale nikaenda kumuongezea chai.

Byukusenge akakaa chini, laptop kwa magoti. Akaizima, akaiwasha na kidole imebaki kwa kifungo, mpaka ikafunguka ile ukurasa ya bluu yenye inakuja mbele ya sisteme yoyote. Akasoma. Jina ya diske ilikuwa pale. Akasema diske haijakufa, picha iko ndani, kintu yenye kukosa ni ile ya kuiamusha. Hakorimana akauliza, kama kiki? Akamujibu ndiyo, kama ile chuma ya moto unakanyaga na muguu: moto muzima, mafuta imejaa, lakini bila kiki unaisukuma tu.

Akafunga macho. Nilimuona anatafuta jana, muntu wa picha anakumbuka na macho. Kiisha akaniuliza:

"Mujomba, jana pa mwisho kabisa, taa ya flashi ilikuwa inacheza?"

Nikasema mimi nilikuwa naangalia maharagi.

"Ilikuwa inacheza. Sisteme ilikuwa imekwisha kuingia mu diske, lakini flashi ilikuwa inaendelea kuandikwa. Sisteme iliniuliza kiki niiweke wapi, ikanionyesha majina mbili, ya flashi na ya diske, mi nikafinya ndiyo kwa ya kwanza juu ya jua kuanguka. Nimefunga kiki kwa flashi."

Sasa mwelewe, batoto. Jana laptop iliwaka juu flashi ilikuwa ingali mu mbavu zake. Byukusenge alipoitoa, laptop ilikuwa imekwisha kuamuka, haikuhisi kintu. Alimupa mujomba wake nyimbo za kwaya pamoja na kiki ya laptop, na mujomba akasema asante.

Akanyoosha mukono. "Flashi iko wapi?"

Flashi ilikuwa mu radio. Radio ilikuwa na Ngabo, muchungaji wa ngombe, mwenye niliazimisha alfajiri. Na Ngabo alikuwa na ngombe, kule juu kabisa, fasi ukungu inalalaka. Tena alikuwa amesema kwaya inamulaza, akipita sokoni atapeleka flashi kwa muuza nyimbo bamutilie rumba. Na muuza nyimbo, kila muntu anajua, mbele ya kutia anafuta kila kintu. Ilikuwa siku ya soko.

Tulipanda moto batatu, Hakorimana mbele, Byukusenge katikati, mimi nyuma na muguu moja hewani. Njia ilikuwa imeliwa na mvua. Fasi zingine moto ilitubeba, fasi zingine sisi tuliibeba. Pa kumalizika njia tukaacha moto kwa Hakorimana, tukapanda na miguu. Ukungu ikatufunika, nikawa siwezi kuona mukono yangu mwenyewe, na mukono yangu si ndogo.

Byukusenge akanishika koti, akasema tunyamaze. Tukasikia kwaya. Sauti za bamama zilikuwa zinashuka mu ukungu kama mbinguni bamefungua dirisha. Akahesabu na vidole, akasema ni wimbo wa tatu, Ngabo hajashuka sokoni. Tukafuata ule wimbo, na wa kufuata, tunaanguka na kusimama. Halafu, katikati ya wimbo, radio ikakufa. Mabuyi, zile betri za radio, zilikuwa zimekwisha. Ikabaki ukungu tu, na mulima yote, na kesho kilio.

Namna tulimupata Ngabo pale, nitasema pa mwisho, juu hapo njo mimi naingia. Mujue tu tulimupata, na flashi iliteremuka ndani ya mukono wa Byukusenge, ameifunga kama yai.

Aliingiza flashi mu laptop mbele ya Mama Pétronille. Kioo nyeusi. Halafu herufi nyeupe, mistari mingi, zinakimbia. Halafu maua. Akafungua picha, na Papa Gustave akatuangalia, mukono kwa shingo ya ngombe, ndege nyuma yake. Mama Pétronille akagusa kioo na kidole moja, akasema ile shati alimushonea yeye.

Lakini Byukusenge hakuchapa saa ile. Alisema kiki haiwezi kuendelea kutembea mu radio za bantu. Akafungua dirisha nyeusi ya kuandika, akaandika amri, safari hii akasoma jina ya diske mara mbili na kidole chini yake kama mutoto wa mwaka wa kwanza. Akangoja. Akazima laptop. Akatoa flashi, akaniwekea mu mukono, akaniambia nisimame mbali nayo, kule kwa mulango. Akafinya. Mama Pétronille alikuwa amefunga macho.

Iliwaka yenyewe.

Picha ilitoka kubwa, akaitia plastiki. Kesho yake kule Kalembe ilisimama mbele ya bantu, na bazee bakacheka kidogo kuona ngombe imepata fasi kubwa kuliko mwenyewe. Ule mutoto wa mwisho akasogea karibu, akaangalia sana. Kiisha akapima na mukono, toka kichwa ya ngombe mpaka kichwa ya baba yake, akaenda kwa mama yake kumupa jibu: murefu kupita ngombe.

Basi sasa naingia mimi. Radio ilikufa, nilisema. Ukungu, giza ya mchana, Byukusenge anatetemeka, anasema mujomba tusaidie. Mimi nilichungaka ngombe mbele hata sijaota ndevu. Nikapanda juu ya jiwe. Nikatia mikono kwa midomo, nikaita Gaju, ile ngombe ya Ngabo yenye kuongoza zingine, nikaita kwa ile sauti ya bazee, yenye leo hakuna muntu anaiweza. Mulima ikajibu. Na zikakuja. Ngombe makumi tatu, zinatoka mu ukungu moja moja, zingine zilitoka mpaka upande wa Walikale, zenye hazikuwa hata za Ngabo, na ile ya mbele ilikuwa imebeba radio kwa pembe, ikapiga magoti mbele ya

"Mujomba."

Pasi imenyamaza nyuma yangu.

"Ngombe ilikuwa moja. Na haikusikia jina yake, ilisikia chumvi yenye nilikuwa nayo mu mufuko, na Ngabo akakuja nyuma yake kuitafuta. Ule mutoto wa Mama Pétronille akijua kusoma, atasoma hii. Andika moja."

Nimesikia. Naandika: ngombe ilikuwa moja. Lakini ile moja, mutoto wangu, ilikuwa kubwa namna ya nyumba ya mapadri, na pembe zake zilikuwa zinapita

"Mujomba."