Rangi Nyeupe kwenye Geti la Mama

Mke wangu hajui kutulia. Kiangazi kikianza tu, yuko mguu na njia: brashi mkononi, makopo mawili ya rangi yananing'inia kwenye pikipiki, anakagua nyumba za mtaa wetu unaopakana na msitu. Anazoa majani makavu kwenye mifereji ya bati, anang'oa nyasi, anagombana na watu kuhusu nyua zao. Wamembandika jina la Mama Majani. Mimi mumewe naitwa Baba Majani, na jani sijang'oa hata moja.

Kazi yake ina sheria moja. Nyumba iliyosafishwa anaitia alama nyeupe getini. Zimamoto wakiiona wanajua hapa wanaweza kusimama na kupambana. Nyekundu maana yake toeni watu, msibaki.

Sasa, mama mkwe wangu ana kuni. Amezipanga kwenye ukuta wa jiko mpaka zinagusa bati, miaka nenda miaka rudi, na anazipenda kuliko wakwe zake. Wiki moja kabla ya moto wa msitu, mke wangu alimwambia azihamishe.

"Kesho, mwanangu. Kwani msitu unakimbia?"

Mke wangu akampa nyeupe. Kwa ahadi ya mdomo! Mtu huyohuyo aliyemnyima mwenyekiti wa mtaa kwa sababu ya rundo moja la majani! Nilimwona akipaka, nikanyamaza, na mpaka leo najilaumu. Tangu siku hiyo akiketi, anainuka, akiinuka, anachungulia mlimani kwenye msitu.

Jumanne mchana mlima ukatoa moshi. Tukarukia pikipiki, mimi naendesha, yeye ananipiga mgongoni. "Ongeza mwendo! Ongeza!"

Kuni zilikuwa palepale. Na askari wawili wa zimamoto walikuwa uani wanatandaza mpira wa maji, wamezipa kuni mgongo. Walikuwa wameiamini alama.

"Ondokeni! Hiyo nyeupe ni ya uongo, niliipaka mimi!"

Mama mkwe akatoka jikoni. "Unawafukuza? Nyumba hii baba yako aliijenga kwa mikono yake!"

Mke wangu alichovya brashi kwenye rangi nyekundu, akaifunika nyeupe mbele ya majirani, machozi yanamtiririka. Askari wakakusanya mpira, wakakimbilia nyumba ya jirani. Mimi nikambeba mama mkwe mzobemzobe, heshima ingesubiri.

Moto ulishika kuni kwanza. Paa la jiko likaanguka pale walipokuwa wamesimama wale askari, kisha nyumba nzima ikaisha. Ya jirani ilipona.

Jioni, kwetu, mama mkwe alikaa kitandani na nguo moja aliyotoka nayo. Mke wangu alizunguka chumbani, anafungua dirisha, anafunga, anafungua tena.

"Wale vijana wazima?" mama akauliza.

"Wazima."

"Ungeninyima ile alama wiki iliyopita."

"Nilikuonea haya, mama."

"Ningenuna siku mbili, basi," mama akasema. "Halafu ningezitoa kuni."