Marahaba Niliyoitikia Mnyambe

Haya yalinipata mimi mwenyewe, tena saa nne asubuhi, si usiku. Nalisema mapema kwa sababu najua watu wakisikia kisa cha namna hii hudhani msimulizi alikuwa amelewa au amesinzia. Sinywi. Na asubuhi ile nilikuwa macho kuliko siku yoyote ya maisha yangu, maana nilikuwa nakwenda kuchukua kitu nilichokitafuta kwa miezi minne: kadi ya grafiki.

Kama hujui kadi ya grafiki ni nini, usijali. Ni kile kipande ndani ya kompyuta kinachochora picha na kuipeleka kwenye kioo. Kikiwa dhaifu, hata televisheni iwe nzuri namna gani, picha itakwama. Mambo haya sikufundishwa na mtu. Nilijifunza peke yangu kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nikifungua kompyuta mbovu za watu hapa Masasi na kuzifunga tena mpaka zikawaka. Na nina ugonjwa mmoja, ngoja niukiri sasa hivi: siwezi kuvumilia kasoro. Nikiona nukta moja imekufa kwenye kioo, silali. Skrubu moja ikikosekana kati ya nane, nitazunguka mji mzima kutafuta inayofanana na wenzake.

Ugonjwa wangu wa pili ulikuwa Faraji.

Faraji ni rafiki yangu tangu shule ya msingi kule Lukuledi. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika bisibisi. Halafu akafungua kibanda chake cha gemu kama changu, mtaa wa pili kutoka kwangu, akaweka televisheni kubwa ya 4K, ile ambayo picha yake ni safi kiasi kwamba unaona jasho la mchezaji, na wateja wangu wakahamia kwake mmoja mmoja. Hilo ningelivumilia. Nililoshindwa kuvumilia ni salamu. Vijana wakiingia kwake husema, "Shikamoo, fundi." Wakiingia kwangu husema, "Niaje." Na tuna umri mmoja! Cheka ukitaka, lakini mimi nilikuwa nikijilaza nikiisikia ile "marahaba" yake, anavyoitoa bila hata kugeuka, kama mtu anayefukuza nzi.

Mwaka huu kaka yangu aliyeko Mtwara alihama nyumba, akanipa televisheni yake. 4K, inchi hamsini na tano, haina nukta hata moja iliyokufa. Niliikagua siku mbili. Nikasema moyoni, sasa tutaona. Nikaiunga na kompyuta yangu. Picha ikaja, kubwa, nzuri, lakini nilipousogeza mshale wa kipanya ukajikokota. Kadi yangu ilikuwa ya zamani. Tundu lake la HDMI, pale unapochomekwa waya wa televisheni, liliweza kutuma picha thelathini tu kwa sekunde kwenye televisheni ya namna ile, na gemu inataka sitini.

Faraji alikuja kuiona siku hiyo hiyo. Akashika kipanya, akausogeza mshale, akaangua kicheko.

"Kaka, huyu mshale ana mimba? Mbona anatembea kashika kiuno?"

Kibanda kizima kikacheka. Najua alikuwa anatania. Hata aliongeza, "Tutafute kadi, mwanangu, nitakusaidia." Nikazima kompyuta. Tangu siku hiyo nikaacha kuongea naye. Akipiga simu, sipokei. Akituma ujumbe, nafuta bila kuusoma. Likumbuke hilo.

Nikaandika kwenye daftari masharti ya kadi ninayoitaka, iliyotumika, maana mpya siimudu. Iwe na HDMI ya toleo la pili. Kumbukumbu isipungue gigabaiti sita. Urefu wake uingie kwenye kasha langu. Isile umeme kupita uwezo wa pawa saplai yangu, kile kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme. Isiwe imetoka kwenye mashine za kuchimbia sarafu za mtandaoni, ambako kadi huchemka mchana na usiku mpaka ikachoka. Feni zisiyumbe. Kwa miezi minne nikakataa kadi moja baada ya nyingine. Moja ilikuwa na kutu kwenye skrubu. Nyingine, muuzaji alisita kunipigia picha ya upande wa nyuma. Na kila niliyoikataa niliwaza: Faraji angeichukua hivyo hivyo, na ingemkubali. Vitu humkubali yule.

Hatimaye nikaona tangazo katika kundi la mafundi kwenye simu: kadi ipo Mnyambe, wilaya ya Newala. Picha zilikuwa safi ajabu, pande zote, hata pini unaweza kuzihesabu. Kila sharti la daftari langu lilitimia. Nikapiga. Sauti iliyopokea ilikuwa ya mzee.

"Shikamoo," nikasema.

Kimya. Kisha: "Salamu tutapeana ukifika. Njoo."

Nikajua ni mtandao, umekata hapo katikati. Wewe usingedhani hivyo?

Asubuhi ya pili nikakodi bodaboda. Kompyuta nimeipakata ndani ya boksi pamoja na kioo kidogo cha kujaribia, kwa sababu kadi iliyotumika huichukui bila kuiona ikifanya kazi. Tulipomaliza kupanda mwinuko tukaingia kwenye ukungu, ule wa kipupwe cha Newala ambao hauna haraka ya kuondoka. Dereva akanishusha nyumba niliyoelekezwa, katikati ya mikorosho, akasema atanisubiri dukani anywe chai.

Baba Asumini, ndivyo majirani walivyomwita mwenye nyumba, alikuwa kibarazani kwenye kigoda. Mwembamba, kichwa cheupe chote, miaka yake si chini ya sabini. Macho yake yalikuwa na ukungu kama wa nje: mtoto wa jicho, yote mawili. Kadi ilikuwa mapajani kwake juu ya kipande cha khanga, naye anaipapasa kwa vidole.

"Ilikuwa ya marehemu mjukuu wangu," akasema kabla sijafungua mdomo. "Feni ya kushoto ina mkwaruzo ukingoni. Sikufichi."

Ulikuwepo kweli, mwembamba kama unywele. Nani basi alipiga zile picha safi? Sikuuliza.

Kisha akainamisha kichwa mbele yangu, mimi wa miaka ishirini na minne, akasema:

"Shikamoo."

Wewe unajua na mimi najua: mzee hamwamkii kijana. Likitokea, kijana hukataa. Nikakataa. "Aa, babu, hapana. Shikamoo wewe."

"Shikamoo," akarudia.

Nikacheka. Mimi ni Mmakua, yeye Mmakonde, na huku kwetu hao hutaniana hata msibani. "Babu wee, utani huu mzito. Mnataka kuniua, nyie Wamakonde?"

"Mmakua hafi kwa salamu," akajibu. "Labda umnyime kitoweo chake cha panya."

Tukacheka wote. Lakini kadi hakuiachia. Niliponyoosha mkono, aliirudisha kifuani kwake ingawa nilidhani hanioni.

"Itikia kwanza, ndipo uijaribu."

"Siwezi, babu. Nitaitikiaje?"

"Basi, yaishe. Kuna mwenzio wa Masasi, anaitwa Faraji. Naye anaitaka. Saa sita atakuwa hapa. Yeye ataitikia, amezoea kuamkiwa."

Niamini, sikujiuliza Faraji amelijuaje tangazo lile, wala mzee amejuaje habari za kuamkiwa. Kilichonipanda kifuani kilikuwa kimoja tu. Nilimwona Faraji akiipachika kadi ile kwenye kompyuta yake. Niliwaona vijana wamejaa kwake. Niliisikia "marahaba" yake. Na nikiri yote, kwa kuwa nimeshaanza kukiri: ile "shikamoo" ya mzee ilikuwa tamu. Hakuna mtu aliyewahi kuniamkia kwa unyenyekevu ule.

"Shikamoo," akasema mara ya tatu.

"Marahaba," nikasema.

Mzee alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Akapepesa macho. Ule weupe ukawa unaondoka taratibu, kama mvuke wa mdomo unavyoondoka kwenye kioo, na chini yake kulikuwa na macho meusi yanayong'aa. Akaigeuza kadi, akasoma kibandiko cha nyuma, zile herufi ndogo ambazo mimi huzisoma kwa tochi, akazitaja zote mfululizo bila kusita. Halafu akatazama juu ya bega langu, kwenye ukungu mtupu.

"Dereva wako anakunywa chai ya rangi," akasema. "Andazi lake linaliwa na sisimizi, hajaona."

Nikaipokea kadi. Nilipojaribu kukisoma kibandiko hicho hicho, nilijikuta nakisogeza mbali na uso, kisha mbali zaidi, mpaka mkono ukaisha. Nikaipachika kwenye kompyuta, nikaiwasha pale kibarazani. Kadi ikafanya kazi. Maandishi kwenye kioo kidogo yalikuwa na kivuli. Nikakifuta kioo kwa shati mara tatu, nikalaumu ukungu. Nilipotoa pesa iliyotajwa kwenye tangazo, mzee aliusukuma mkono wangu.

"Nimeshapokea," akasema, akaingia ndani bila fimbo.

Nikarudi Masasi nikaiunga na televisheni. Mshale wa kipanya ukateleza kama mafuta. Sitini kwa sekunde, hilo niliweza kuliona. Lakini picha yenyewe ilikuwa na ukungu. Nikabadilisha waya. Nikafungua kadi, nikaisafisha, nikaifunga. Nikafuta programu zake, nikaweka upya. Siku tatu sikula vizuri. Mwishowe nikafanya jambo ambalo sikudhani ningelifanya. Nilimpigia Faraji.

Alifika, akasimama mbele ya televisheni, akaisogelea.

"Kaka," akasema polepole. "Kaka, naona mishono ya jezi. Naona nyasi moja moja. Yangu haifikii hapa hata robo." Nikaisikia sauti yake, na nakuapia ilikuwa na wivu. Wivu wa Faraji, kwangu! Jambo nililoliomba kwa miaka. Kisha akageuka. "Mbona umekunja macho hivyo? Unaumwa?"

Yeye ndiye aliyenipeleka kwa daktari wa macho. Daktari akaniangalia kwa taa, akaangalia cheti changu cha kuzaliwa, akaangalia tena kwa taa. Akaniuliza kama cheti ni changu. Macho haya, akasema, ni ya mtu wa miaka sabini na zaidi. Mtoto wa jicho anaweza kuondolewa, lakini huku nyuma mishipa nayo imezeeka, na hiyo hana la kuifanya.

Tulipotoka nikamsimulia Faraji yote. Alipolisikia jina la Mnyambe akasimama katikati ya barabara.

"Nilikwenda kule," akasema. "Wiki moja kabla yako. Nilitaka nikuchukulie wewe ile kadi. Mzee akaniamkia. Nikamwambia, 'Hapana babu, utanilaani, mimi ndiye wa kukuamkia.' Akasema basi haiuzwi. Nikaondoka mbio, sikurudi tena."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuandikia jumbe sita."

Nilizifuta zote. Nilikwambia ulikumbuke hilo.

Tukarudi Mnyambe pamoja, mimi nikitaka kumwamkia yule mzee mbele ya shahidi, aitikie, kila mtu achukue kilicho chake. Mkewe alikuwa uani anaanika mihogo. Akatuonyesha juu. Faraji akaninong'oneza kwamba mumewe amepanda mkorosho, anapogoa matawi kwa panga.

"Shikamoo, babu!" nikapaza sauti.

"Babu nani tena?" akasema mkewe kwa mshangao, akiniambia mimi. "Karibu, mzee." Hakutania. Alikuwa ananitazama ninavyosimama, ninavyopapasa hewa kwa mkono.

Na yule aliyekuwa juu akajibu, sauti imejaa adabu, ili mkewe asikie: "Aa, mzee wangu, hapana. Unaniaibisha. Shikamoo wewe."

Sikuitikia. Lakini nilikuwa nimeshaitikia.

Haya ninayaandika kwenye televisheni ile ile. Kila herufi nimeikuza ikafikia kiganja changu, na bado naisogelea mpaka pua inagusa kioo. Kazi za bisibisi sizifanyi tena. Jioni Faraji hufunga kibanda chake mapema, huja kukaa nami, hunisimulia kilichomo kwenye picha: sasa jua linatua nyuma ya uwanja, sasa kipa anafunga kamba. Ananisimulia vizuri, hachoki. Na mimi namsikiliza huku nikiyawazia macho yake. Mazima, ya miaka ishirini na minne, anayatumia hovyo, hata kutazamia simu gizani. Mtu kama yule angepungukiwa na nini?

Juzi alipoingia, neno "shikamoo" lilinifika kwenye ulimi lenyewe. Niliuuma ulimi mpaka nikasikia damu. Faraji hataitikia, namjua, ana adabu kuliko mimi. Lakini wako wengine, vijana wa mjini, wapenda sifa, wenye mtu wa kushindana naye. Wanapita mlangoni kwangu kila siku wakiulizia ile kadi maarufu. Kwa hiyo nakuonya, na ujue nakuonya dhidi ya nani: ukipita Masasi ukamwona kijana mwenye macho meupe amekaa mbele ya televisheni kubwa, akainamisha kichwa akakuamkia, cheka, kataa, ondoka. Usiitikie.