Zimebaki Kumi na Mbili

Kaka yangu watu wanamwita Tulia. Jina alilopewa na wazazi liko kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki. Kwa miaka thelathini na minane, neno la kwanza alilomwambia kila aliyekaa kwenye stuli yake lilikuwa hilo: "Tulia." Bwana harusi, mkuu wa shule, mtoto mchanga ambaye hata shingo haijakaza, wote waliambiwa watulie. Yeye mwenyewe hajapata kutulia hata siku moja, na shahidi ni mimi, maana chumba chetu cha kazi ni kimoja. Upande wa dirishani kuna cherehani yangu na meza ya kukatia. Upande wa ukutani kuna pazia lake la buluu, stuli, na taa mbili zenye miavuli. Katikati hakuna mpaka, ila mabishano.

Zamani tulikuwa na utaratibu wetu. Tulia akimaliza mkanda, aliuzungusha ukarudi kwenye kikopo chake, akautoa kwenye kamera, akauweka juu ya meza yangu, pembeni karibu na mkasi. Hasemi kitu. Mimi nikiuona nauchukua, nautia kwenye kopo la vifungo usije ukapotea kati ya vitambaa, na jioni nikienda kununua nyuzi naupitisha kwa msafisha picha. Kamera ilibaki tupu mpaka mteja wa kesho. Miaka yote hiyo hatukupoteza mkanda hata mmoja. Nayasema haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyotuponza.

Kisha simu zikaingia, kila mtu akawa mpiga picha. Msafisha picha akafunga chumba chake cha giza, siku hizi anauza magodoro. Kaka akabaki na picha za pasipoti, tena anazipiga kwa likamera likubwa la dijitali ambalo hakulipenda hata kidogo. "Halina siri," alikuwa akininung'unikia. "Ukibonyeza tu, linakuonyesha. Sasa utamu uko wapi?" Mimi nilimjibu kwamba utamu uko kwenye kula, na kwamba wateja wawili wanamsubiri mlangoni.

Mwaka huu binti yake, ambaye ni muuguzi ng'ambo, akamletea kamera mpya. Kitu kidogo, kinaingia mfuko wa shati. Ni ya dijitali, lakini aliyeibuni alikuwa na ugonjwa uleule wa kaka yangu. Juu rangi ya fedha, chini ngozi nyeusi yenye vipele, tundu la kuchungulia kwa jicho moja, na kimkono cha kuvuta kwa kidole gumba, mithili ya kile cha kusogezea mkanda. Na ndani ina mtindo wake: ukiuchagua, skrini ya nyuma inazimika kabisa, kidirisha kidogo kinaandika 36, na huoni picha hata moja mpaka uzitimize zote thelathini na sita.

Basi nilimwona mtu wa miaka sitini na mitatu akirukaruka kati ya stuli na pazia.

"Sikiliza!" ananiambia, anavuta kimkono. Krrik. "Umesikia?"

"Nimesikia, Kaka."

"Hujasikia wewe. Zima cherehani usikilize."

Nikazima. Krrik. Nikamwambia ni nzuri, na kweli ilikuwa nzuri, ila zaidi nilikuwa nafurahia kumwona. Alikula nayo mezani. Wifi yangu alilalamika kwamba mumewe ameoa tena, na mke mdogo analala juu ya mto. Thelathini na sita za kwanza alizimaliza kwa siku mbili: nzi kwenye kioo cha dirisha, viatu vya mteja, mguu wangu juu ya pedali. Jumanne akachomoa memori kadi, akaipeleka duka la steshenari lenye kompyuta na printa, akarudi na picha zote za karatasi. Akazitundika kwenye uzi kwa pini zangu. Ule mguu wangu wenye ufa kisiginoni aliuweka katikati, wateja wangu waucheke vizuri.

Kesho yake, Jumatano, akaja Dada.

Dada ndiye mkubwa wetu. Alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini, na nusu ya mtaa huu alfabeti waliipata kwake. Katika shavu la kushoto ana kishimo ambacho huonekana akicheka tu. Mama yetu alikuwa nacho, na katika sisi watatu alikirithi yeye peke yake. Lakini picha alikuwa hazitaki. Ukimwelekezea simu anaziba uso kwa kiganja, na kwenye picha za ukoo amesimama kama anasimamia mtihani. Ndugu wa mpiga picha, na hatukuwa na picha yake hata moja akicheka.

Mwezi ule walikuwa wamemkuta na uvimbe katika taya la kushoto. Daktari hakuzunguka: wataondoa mfupa na sehemu ya shavu, ili kilichobaki kipone. Dada alimuuliza swali moja tu, kama ataweza tena kusoma kwa sauti. Akajibiwa kwamba ataweza, polepole. Upasuaji ukapangwa Ijumaa.

Aliingia akiwa na gauni la njano nililomshonea mwenyewe. Akapita moja kwa moja mpaka kwenye stuli, akakaa bila kuambiwa.

"Tulia, nipige nikicheka," akasema. Akaligusa shavu. "Hiki cha mama Ijumaa wanakichukua. Nataka kibaki mahali."

Kaka akainuka. Akawasha taa, akazisogeza, akazirudisha palepale zilipokuwa. Kisha akaitoa kamera yake ndogo mfukoni. Mimi nikachukua simu.

"Weka simu chini," akasema bila kugeuka.

"Moja tu, Kaka. Ya akiba."

"Huyu ni dada yetu, si risiti."

Dada akacheka, na kamera ikalia. Krrik. Hapo akafunguka. Akatusimulia habari za mwanafunzi wake mmoja aliyelia siku nzima akidai arudishwe nyumbani, na saa ya kurudi ilipofika akalia hataki kwenda. Akaigiza sauti ya mtoto, akaigiza sauti ya mama mtu. Kile kishimo kilikuja na kuondoka, na kaka amepiga goti, jicho moja limefumba, kidole gumba hakipumziki. Nilisahau ugonjwa. Nadhani sote watatu tulisahau, kwa muda wa kama robo saa.

Mwisho Dada akashika taya. "Inatosha, linauma."

"Ishirini na nne," akasema kaka, anachungulia kidirisha. "Zimebaki kumi na mbili."

"Tuzione hizo zilizopo," nikasema.

"Mkanda haufunguliwi kabla haujaisha."

"Mkanda gani, Kaka? Ngojangoja huumiza matumbo."

"Mwache," Dada akaniambia. "Nawe subira huijui tangu utoto. Hizo kumi na mbili atanipiga nikitoka hospitali, halafu tutaziona zote pamoja. Nitapata kitu cha kungojea."

Nikaiacha simu mezani. Ningeweza kunyoosha mkono tu. Mpaka leo nikiiona simu hiyo nasikia uchungu.

Upasuaji ulikwenda salama. Jumamosi tuliruhusiwa kumwona kidogo. Kichwa chote bandeji, macho yamefumba. Tukarudi kazini kwa sababu nyumbani hakukuwa na la kufanya. Nilikuwa na shati la mteja lililokosa kifungo kimoja cha mkononi, nikafungua kopo, nikakoroga vifungo kwa kidole. Chini yake nikakuta kitu cheusi, bapa, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Nilikijua kabla sijakitoa: kadi ya kamera. Jumanne kilikuwa juu ya meza yangu, pembeni karibu na mkasi. Kaka alirudi kutoka steshenari mikono imejaa picha, na mkono wake ukafanya uliyoyafanya miaka thelathini na minane: kilichokwisha ukakiweka mahali pake. Mkono wangu nao ukakiona, ukakitia kwenye kopo. Hakuna aliyefikiri. Mazoea yana taabu.

"Kaka," nikamwita.

Alikitazama kiganjani mwangu. Kisha akageuza kamera, akafungua kifuniko cha chini. Tupu.

Ile kamera ilikuwa imewekwa na wauzaji ilie na kuhesabu hata bila kadi, ili wateja waijaribu dukani. Onyo lake huandikwa kwenye skrini, na skrini alikuwa ameizima kwa raha zake. Kitabu cha maelezo kilikuwa bado kwenye nailoni. Kaka akavuta kile kimkono bila kadi. Krrik. Akatia kadi, akavuta. Krrik.

"Ni uleule," akasema. "Zamani mkanda ukiwemo unausikia. Una uzito, unakuvuta kidogo. Usipokuwemo kidole kinajua." Akavuta tena, na tena. "Hiki ni pambo."

"Acha, Kaka."

"Kidole changu hakikujua."

Nikamwambia kosa ni langu, mimi ndiye niliyeificha. Akasema ni lake, yeye ndiye aliyeiweka. Tukabishana nani mwenye kosa, sauti juu, kana kwamba atakayeshinda atarudishiwa picha. Mwisho tulikwenda steshenari, maana mwenye ile kompyuta anasifika kwa kurudisha vilivyofutika. Alitusikiliza kwa heshima zote.

"Mzee wangu," akasema, "kilichofutika naweza kukitafuta. Hiki hakikuingia."

Siku zilizofuata tulikuwa tunakwenda hospitali na tunarudi. Kila tukienda tunakubaliana njiani kwamba leo tutamwambia, na kila tukirudi tunasema akipata nafuu kwanza. Dada alikuwa hawezi kusema. Alikuwa na daftari na penseli, anatuandikia kwa ule mwandiko wa darasa la kwanza, herufi kubwa za duara. Siku moja aliandika: "Zilitoka nzuri?" kisha akayakata maneno hayo kwa mstari, akaandika chini yake: "Usiniambie." Kaka alitoka nje akasimama kwenye korido akitazama ndoo ya deki. Nilimfuata, nikasimama naye.

Siku ya kumi wakafungua bandeji. Tulifika mchana, kitanda chake kiko dirishani. Uso wake nausema kama ulivyokuwa: upande wa kushoto umeingia ndani kutoka sikioni hadi kidevuni, nyuzi nyeusi zimepita, na pembe ya mdomo imevutwa chini. Mimi ni fundi wa kushona, niliutazama ule mshono nikauona ni wa mtu anayejua kazi. Nilijishikiza hapo ili nisilie.

Muuguzi alikuwa na kioo kidogo mkononi. Dada alikisukuma taratibu, kama mtu anayekataa chai. Kaka akakaa ukingoni mwa kitanda. Njia nzima alikuwa akiyarudia maneno yake kwa sauti ya chini.

"Dada," akaanza, "kuna jambo—"

Dada akainua kidole kimoja. Kidole hicho kimenyamazisha madarasa thelathini, na kaka naye akanyamaza. Dada akavuta daftari, akaandika polepole, akatugeuzia tusome:

"Zimebaki 12. Malizia. Nataka nizione za kucheka kwanza. Kioo baadaye."

Kaka akanitazama. Mimi, ambaye mdomo wangu haujawahi kupata likizo, nikatazama shuka. Niliogopa. Nilitaka kaka aseme, na nilitaka asiseme, na nilitaka awepo mtu mwingine yeyote mle chumbani wa kulibeba lile jambo. Muuguzi alikuwa anatabasamu tu, hajui kitu.

Kaka akaitoa kamera mfukoni mwa shati. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema "tulia."

Akabonyeza. Krrik. Kumi na moja.

Dada akajaribu kucheka. Upande wa kulia ukapanda, jicho likapungua kama lilivyokuwa likipungua siku zote. Upande wa kushoto ukabaki ulivyo. Kumi. Tisa. Kaka alizipiga polepole mno, kati ya moja na nyingine anashusha kamera, anavuta pumzi, anapandisha tena. Kwenye ya tano akafungua mdomo aseme, Dada akadhani anatafuta pembe nzuri, akamgeuzia uso kuelekea dirishani amsaidie. Nne. Tatu. Zilipobaki mbili akasimama kabisa, akaanza kulifuta tundu la kuchungulia kwa ncha ya shati, analifuta na kulifuta. Dada akagonga daftari kwa penseli, mara mbili, kama anayemhimiza mtoto aliyechelewa kumaliza hesabu.

Moja.

Ya mwisho ilipolia, kidirisha kikaandika sifuri, na skrini ya nyuma ikawaka yenyewe, ikionyesha kwamba zimo kumi na mbili tu. Dada akaweka penseli chini. Akajifuta viganja kwenye shuka, akanyoosha mikono yote miwili apewe.